Kamera ya bandani na waifai ya nyumbani: jinsi ya kuziunganisha zikaelewana

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lile lile: "Nimefunga kamera kwenye banda la nyuma, haishiki waifai. Ninunue rauta kubwa zaidi?" Hapa Mombasa, huyu ana stoo Kisauni, yule banda la kuku Utange, mwingine ana SQ (nyumba ndogo ya mfanyakazi) mwisho wa kiwanja huko Bamburi au kibanda cha mlinzi getini. Jibu kwa wote ni moja: rauta iache ilipo. Karibu kila mara ubaya hauko kwenye kamera wala kwenye rauta, uko kwenye njia inayopita katikati. Watu hununua kamera, wakaipigilia ukutani, ndipo waanze kuuliza mawasiliano yatapita wapi. Hapa tutakwenda kinyume: njia kwanza, kamera baadaye.

Na msimamo wangu niuseme mapema, usije ukanishangaa mbele. Kama kebo inaweza kufika bandani, vuta kebo. Waifai ya pwani ina maadui wengi: kuta za mawe ya matumbawe ni nene na hunyonya unyevu, mabati hurudisha mawimbi yalikotoka, na usiku mtaa mzima uko mtandaoni kwenye masafa yale yale. Kebo iliyolazwa vizuri unaisahau.

Chagua njia kabla ya kutoa pesa

Chukua simu yako, ingia bandani, simama pale pale kamera itakapokaa, kisha funga mlango. Fanya hivyo usiku, saa mbili au saa tatu, majirani wakiwa wameshika simu zao. Weka programu yoyote ya kupima nguvu ya waifai, na uhakikishe simu imeshika masafa ya 2.4 GHz, maana kamera nyingi za bei nafuu hazijui 5 GHz. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Ikiwa −65 au bora kuliko hapo, yaani −60 au −55, waifai itakutosha. Ikiwa −70 unabahatisha. Ikienda −75 mpaka −80, achana na waifai, hata kama video inacheza vizuri kwenye simu. Simu pale inapokea tu. Kamera kazi yake itakuwa kutuma, mchana na usiku, kwa antena ndogo iliyofichwa ndani ya plastiki.

Sasa chagua.

Kebo ya mtandao yenye PoE: stima na mawasiliano hupita kwenye waya mmoja, kwa hiyo huhitaji soketi bandani. Mwisho wake ni mita 100 kutoka swichi (kisanduku kinachounganisha vifaa vya mtandao) hadi kamera. Viwanja vingi vya Mombasa havifiki huko hata ukizunguka ukuta mzima.

Waifai ya moja kwa moja: inafaa banda likiwa karibu, mlango au dirisha likitazama nyumba, na kipimo chako kikiwa kizuri.

Antena mbili za nje zinazotazamana: kwa kiwanja kikubwa, au pale ambapo kebo ingelazimika kuvuka barabara ya watu. Nitaieleza baada ya hatua za kebo.

Kuna pia plagi zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za stima za nyumba. Hufanya kazi banda likiwa kwenye mita moja na nyumba. Banda lenye mita yake ya tokeni, au lililo kwenye fezi nyingine, usilitegemee. Usizichomeke kwenye ekstensheni pia, ziende ukutani moja kwa moja. Na kamera ya laini ya simu ni jambo jingine kabisa: hiyo haijiungi na mtandao wa nyumbani, inakula bando zake yenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Orodha hii ni ya njia ya kebo, ambayo ndiyo nitakayoifuata hatua kwa hatua.

- Kamera ya PoE, ya nje, yenye alama ya IP66 au IP67, yaani kinga ya vumbi na maji. Ikiwa inaelewa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni tofauti, ni bora, ili kesho ukinunua rekoda ya kampuni nyingine zisigombane.
- Kebo ya Cat5e au Cat6 ya nje, ganda jeusi, nyuzi za shaba tupu.
- Swichi ya PoE ya matundu manne, au injekta moja (kisanduku cha kutia stima kwenye kebo ya mtandao) kama kamera ni moja. Tafuta maandishi 802.3af, jina la kiwango cha PoE. Hiyo hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na kamera ya kawaida haifiki hapo.
- Vichwa vya RJ45 (nunua kumi, utaharibu kadhaa), koleo la kuvibania, na testa ya kebo.
- Paipu za plastiki za stima za 20 mm au 25 mm, kona zake na vishikio.
- Boksi la plastiki lisiloingiza maji, la kukaa nyuma ya kamera.
- Skrubu za stenlesi. Karibu na bahari uliza daraja la 316.
- Silikoni, drili na biti ya zege, ngazi, kamba ndefu.
- Kadi ya memori iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera.
- UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta na swichi.

Kwenye kebo usione haya kuwa mgumu dukani. Kebo nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwenye boksi huandikwa CCA, au haiandikwi kitu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Hubeba stima vibaya, hukatika ukiikunja mara chache, na hewa yetu ya chumvi huila haraka. Boksi zima lina mita 305, lakini maduka mengi mjini hukukatia kwa mita, kwa hiyo huna sababu ya kununua boksi la bandia kwa kuwa la asili ni ghali.

Kuhusu kadi, hesabu ni rahisi. Kamera inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza karibu GB 21.6 kwa siku. Kadi ya GB 64 ni kama siku tatu, ya GB 128 inakaribia siku sita. Ukiirekodisha pale tu kitu kinapopita, itakaa muda mrefu zaidi.

Kazi yenyewe

1. Pima njia kwa kamba, si kwa macho. Kebo haipiti hewani mstari mnyoofu: inapanda ukuta, inazunguka kona, inashuka. Laza kamba pale itakapopita kebo, kisha pima kamba. Ongeza mita tatu kila upande. Hizo tatu za upande wa banda zikunje vizuri ndani ya boksi au juu ya dari, zitakuja kukuokoa.

2. Tayarisha kamera mezani. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, kisha wanaishia juu ya ngazi na simu mdomoni. Unganisha kamera, swichi ya PoE na rauta kwa kebo fupi, ukiwa umeketi.

Kamera nyingi hutoka kiwandani na anwani yake ya mtandao (IP). Hikvision huja na 192.168.1.64, Dahua na 192.168.1.108. Sasa angalia rauta yako: rauta nyingi za faiba hutumia 192.168.100.1. Zikiwa hivyo, kamera na rauta haziwezi kuonana, hata kama ziko kwenye swichi moja na taa zote zinawaka. Ni kama kuahidiana na mtu feri, wewe ukamsubiri upande wa kisiwani naye yuko Likoni: nyote mko feri, wala hamuonani. Dawa ni programu ya kompyuta ya kampuni yenyewe, SADP kwa Hikvision au ConfigTool kwa Dahua, ambayo huiona kamera popote ilipo kwenye swichi. Ifungue, iwashie DHCP, na kamera itachukua anwani inayolingana na rauta yako.

Kisha ingia kwenye rauta, tafuta orodha ya vifaa, na uitengee kamera anwani hiyo iwe yake daima. Usipofanya hivi, siku stima itakapokatika na kurudi kamera inaweza kupewa anwani nyingine, na rekoda yako ikabaki inaitafuta kule ilikokuwa.

Ukiwa hapo hapo mezani: weka nenosiri jipya, refu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na rauta mamia kwa maelfu duniani, na silaha yake ilikuwa orodha fupi tu ya majina na manenosiri ya kiwandani. Sasisha programu ya ndani ya kamera. Weka saa kwenye UTC+3, ndiyo saa ya Kenya. Weka kadi, iumbize, uone kama inarekodi. Iache ifanye kazi usiku mmoja mezani. Kamera mbovu irudi dukani kabla hujatoboa ukuta.

3. Laza paipu. Ardhini, futi moja na nusu yatosha pale ambapo watu hawalimi. Ukikutana na mwamba wa matumbawe, na utakutana nao, usigombane nao, panda ukutani. Njia ya kebo ya mtandao iachane na nyaya za stima kwa angalau sentimita 30 zikienda sambamba. Zikilazimika kukutana, zikate kama msalaba. Usiziweke kwenye paipu moja hata kama fundi atakwambia "haina neno". Ganda likichunika, stima ya volti 240 itaingia kwenye kebo ya mtandao, na kebo hiyo inakwenda kwenye kompyuta ya mtoto.

Ukipita juu, funga waya wa chuma wa kubeba uzito, kebo iufuate. Usiifunge kwenye nguzo ya Kenya Power wala kwenye waya unaoleta stima nyumbani. Pia pima juu ya geti: lori la maji likija siku mabomba yamekauka, litapita na kebo yako. Kunguru nao hupenda kukaa juu ya waya uliolegea na kuudonoa. Paipu ndiyo jibu.

4. Vuta kebo bila vichwa. Tumia kamba iliyotangulia ndani ya paipu. Vuta taratibu, mmoja anasukuma huku mwingine anavuta. Ikikwama, rudisha, usiishinde kwa nguvu. Kona isiwe kali. Kebo ikunjike kwa duara, isivunjike kama karatasi. Kila paipu ya wazi izibe mdomo, panya ni wapangaji wa haraka.

5. Toboa ukuta kwa mteremko. Tundu liinamie nje, ndani juu na nje chini, ili mvua ya masika isifuate kebo kuingia. Kabla kebo haijaingia tunduni iache ining'inie kidogo kama tumbo, maji yadondokee hapo. Ukuta wa kale wa matumbawe tobolea polepole na bila ile nyundo ya drili, la sivyo utatoa kipande cha jiwe kikubwa kuliko tundu ulilotaka.

6. Funga vichwa. Kabla ya kitu chochote, pitisha kwenye kebo ile kofia ya mpira au plastiki iliyokuja na kamera ya kuzuia maji. Ukisahau, utakata kichwa na kuanza upya, kwa sababu kofia haipiti juu ya kichwa kilichokwisha kubanwa.

Shika kichwa, kile kilimi cha plastiki kikiwa chini na pini za dhahabu zikiwa juu upande wa mbali nawe. Kutoka kushoto kwenda kulia panga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio huo huo pande zote mbili. Nyuzi zifike mpaka mwisho, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili koleo lilibane. Kichwa ambacho unaona nyuzi za rangi nje yake kitatoka.

7. Pima kwa testa kabla ya kuwasha PoE. Taa zifuatane kutoka 1 hadi 8 pande zote. Taa ikiruka, uzi haujafika. Zikiwaka kwa mpangilio wa kuchanganyika, umekosea rangi upande mmoja. Kata, funga tena. Testa isichomekwe kwenye kebo yenye PoE inayowaka.

8. Funga kamera. Mita mbili na nusu hadi tatu kutoka chini panatosha: ukiiweka juu zaidi utakuwa unarekodi kofia za watu. Epuka kuielekeza mashariki moja kwa moja. Asubuhi jua litokalo baharini litaipofusha. Usiiweke chini ya ukingo wa mabati panapodondoka maji, wala ndani kabisa ya banda karibu na bati ambako mchana ni tanuri. Isiwe na ukuta mweupe au boriti pembeni ya jicho lake, kwa sababu usiku vitarudisha mwanga wa taa zake za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na picha yote itakuwa nyeupe.

Mkia wa kamera una kichwa kinene, hakipiti kwenye tundu dogo. Ndiyo maana ya lile boksi: maungio yote yakae humo, pamoja na ile kofia ya mpira, na tundu la chini liachwe wazi kidogo ili unyevu utoke. Paka silikoni juu na pembeni mwa boksi, chini usipake.

9. Washa, kisha jaribu usiku. Mtu atembee kuanzia getini hadi mlango wa banda. Kama humtambui mtu unayemjua, hutamtambua usiyemjua. Sogeza kamera, usiongeze tu ukubwa wa picha.

10. Itenge kamera na vifaa vingine kama rauta yako inaruhusu, kwa kutumia mtandao wa wageni au mtandao wake yenyewe. Halafu angalia inatazama nini. Uani kwa jirani ni sitara ya watu wa nyumba yake. Kamera yako haina kazi huko. Kamera nyingi zina sehemu ya kuziba kwa weusi kipande cha picha, itumie. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu anayetambulika ni data yake. Kama bandani kuna mpangaji au mfanyakazi, aambiwe kamera ipo na inaona wapi. Ndani ya chumba anacholala haiwekwi.

Kama njia yako ni antena

Nunua jozi ya aina moja, za 5 GHz. Ziweke mezani kwanza: moja iwe mtoaji, imeungwa na rauta, nyingine iwe mpokeaji, imeungwa na kamera. Kila moja ipe anwani yake isiyogongana na kitu kingine, kwa mfano zinazoishia na 250 na 251, na ziwe kwenye namba zile zile za mwanzo kama rauta. Zikishaonana mezani ndipo uzipandishe.

Zikiwa juu lazima zionane macho kwa macho. Mnazi mmoja katikati ni taabu, na mwembe ni ukuta. Jihadhari na siku unayopima: kukiwa shwari makuti yanaweza kuwa pembeni mwa njia, kusi ikianza kuvuma yakawa katikati, na kamera ikawa inakatika kila upepo unapopiga. Pandisha antena juu ya majani, au hamisha.

Kosa kubwa hapa ni stima. Antena nyingi za bei nafuu hutumia volti 24 zinazotoka kwenye injekta yake iliyokuja nayo, na injekta hiyo hairidhiani na kamera ya 802.3af, inayotaka volti kama 48 na inayoulizana na swichi kabla ya kupewa stima. Kila kifaa na injekta yake. Ziandike kwa kalamu: ANTENA, KAMERA. Hapa bandani utahitaji soketi, tofauti na njia ya kebo.

Kama njia yako ni waifai tupu

Huna mengi. Wakati wa kuisajili kamera, simu iwe kwenye 2.4 GHz, rauta inayounganisha masafa yote kwa jina moja itenganishe, angalau kwa muda. Isajili karibu na rauta, kisha ihamishe. Usiweke kirudishi cha waifai ndani ya banda ambako tayari mawimbi hayafiki. Kirudishi hukaa katikati, mahali ambapo bado kuna mawimbi mazuri ya kurudisha. Hata hapo kasi hupungua karibu nusu.

Mambo yakigoma

Kamera haiwaki kabisa. Ichomoe, ilete mezani, iunge kwa kebo fupi kwenye tundu lile lile la swichi. Ikiwaka, kebo ndefu ndiyo mgonjwa. Isipowaka, badilisha tundu, kisha angalia kama swichi yako kweli ni ya PoE. Kuna swichi zenye matundu mengi ambazo ni machache tu yanayotoa stima.

Inawaka mchana, usiku inazimika na kuwaka tena. Taa za infraredi zikiwaka kamera huvuta stima zaidi, na kebo dhaifu haiwezi kuifikisha. Karibu kila mara ni kebo ya alumini, kichwa kilichobanwa vibaya, au adapta ndogo kwa zile za waya wa kawaida. Usiibadilishe kamera kabla ya kubadilisha vichwa.

Swichi inaonyesha taa, programu haioni kamera. Rudi hatua ya 2, anwani. Pia angalia simu yako iko kwenye waifai ya nyumbani na si kwenye bando, wala kwenye mtandao uliotengwa na ule wa kamera.

Nyumbani naiona, nikiwa kazini siioni. Watoa huduma wengi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo zile mbinu za kufungua milango kwenye rauta hazifanyi kazi. Afadhali zisifanye, maana mlango ulio wazi hauchagui anayeingia. Washa huduma ya mtandaoni ya kamera, piga picha ile alama ya miraba kwa programu yake, basi. Ikiwa inafunguka lakini inakwama, tatizo ni kasi ya kupandisha. Ukiwa mbali tazama picha ya ubora wa chini, iliyo kamili iache ibaki kwenye kadi.

Waifai inakwama jioni tu. Majirani. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo programu yako ya kupima inaonyesha ina watu wachache. Iondoe rauta kwenye kuchagua yenyewe.

Usiku picha ina ukungu mweupe. Buibui ametega mbele ya infraredi, au chumvi imeganda kwenye kioo. Futa kwa maji baridi ya kunywa na kitambaa laini, si kwa kanga kavu, chumvi hukwaruza. Karibu na ufuo fanya hivi mara kwa mara, hasa upepo ukitoka baharini.

Simu inalia usiku kucha. Mjusi kwenye kioo, paka, kuku, makuti. Punguza eneo linaloangaliwa libaki mlango na njia, na uchague kutambua binadamu kama kamera inaweza.

Saa ya kamera iko nyuma saa tatu. Hujaweka ukanda wa saa, kamera inasoma UTC. Rekebisha kabla hujahitaji ushahidi. Na ukipeleka picha kituoni andika zote mbili, kwamba 02:40 ya kamera ni saa nane na dakika arobaini usiku, ili asiyekuwapo asibishane na maelezo yako.

Ilifanya kazi miezi, sasa inakatika mvua ikinyesha. Fungua boksi, toa kichwa, tazama pini. Ukiona ukijani au weusi, chumvi na maji vimeshaingia. Kusugua hakusaidii. Kata sentimita kumi, funga kichwa kipya kutoka kwenye ile akiba ya mita tatu, paka grisi kidogo ya silikoni kwenye maungio, kaza kofia ya mpira. Kama shaba bado ni nyeusi hata baada ya kukata, kata tena mpaka ufike inapong'aa.